Milango ya Büyük Han



Katika mji wa Nicosia, kisiwani Kipro, ipo nyumba ya mawe ambayo kwa zaidi ya miaka mia nne imepokea watu wa namna nne: wasafiri, wafungwa, maskini wa mjini, na sasa wenye maduka. Waturuki wa dola ya Osmani waliijenga mwaka 1572, nayo huitwa Büyük Han, yaani nyumba kubwa ya wageni. Kuta ni zile zile, ua ni ule ule, na vyumba vyake 68 bado vinahesabika. Tumeitafakari nyumba hiyo kwa miezi kadhaa, kwa sababu itakayoonekana huko mbele, na tungependa kuieleza polepole, kama mwalimu anavyoeleza ramani mbele ya darasa ambalo halijavuka mto wa kijiji chake.

Tuliifahamu kupitia vijana wetu. Wengi kutoka Kongo wamekwenda kusoma katika vyuo vikuu vya kaskazini mwa kisiwa hicho, na katika parokia yetu wapo wazazi wanaojinyima ili watume ada huko. Kijana mmoja tuliyemfundisha katekisimu alitutumia picha za mahali anapopumzika siku ya Jumamosi. Alikusudia kutuonyesha kikombe chake cha chai na wenzake waliomzunguka. Sisi tukavutwa na mlango uliokuwa nyuma yao, tukamwomba arudi aupige picha peke yake, kisha ahesabu matao, kisha apime ua kwa hatua. Alivumilia maswali yetu kwa heshima, ingawa tunadhani wenzake walimcheka.

Mwaka ambao nyumba ilijengwa una maana yake. Nicosia ilikuwa imeanguka mikononi mwa Waosmani mwezi wa Septemba 1570, na Famagusta, ngome ya mwisho ya watu wa Venisi, ikafuata mwaka 1571. Watu wa Venisi walikuwa wameuzungushia mji wa Nicosia ukuta mpya uliochorwa kama nyota, wenye ngome 11 zilizochomoza nje, kazi waliyoianza mwaka 1567 na ambayo haikuwaokoa. Kanisa kuu la Mtakatifu Sofia, lililoanza kujengwa mwaka 1209, liligeuzwa msikiti mara mji ulipotekwa. Linasimama hadi leo na minara miwili ya kuadhinia juu ya kuta zake za kale, na Mkatoliki yeyote anayepita pale hutazama juu bila kuambiwa. Katika mji uliokuwa bado na majeraha, gavana wa kwanza wa Kiosmani, Muzaffer Pasha, aliamuru ijengwe nyumba ya wageni. Mtawala aliyetoka kuteka mji alihitaji wafanyabiashara warudi, na mfanyabiashara harudi mahali ambapo hajui atalala wapi wala mzigo wake utalindwa na nani.

Tuingie sasa. Mlango mkuu uko upande wa mashariki, chini ya tao refu, mnyama aliyebeba mzigo aingie bila kupakuliwa kwanza barabarani. Baada ya tao kuna njia fupi yenye dari ya mawe, mahali pa kivuli, halafu mtu hujikuta uani, juani, katikati ya mraba ulio wazi kwa mbingu. Pande zote nne zina ghorofa mbili za baraza zenye matao. Vyumba vya chini vilikuwa ghala, ofisi na maduka. Vya juu vilikuwa vya kulala, kila kimoja na meko yake ukutani, maana Nicosia ina baridi ya kweli wakati wa masika yao. Dohani za mawe za meko hizo, zenye pembe nyingi kama taa za kanisani, bado zimejipanga juu ya paa. Mfanyabiashara alilala juu ya bidhaa zake. Hilo peke yake ni elimu.

Katikati ya ua wamesimamisha msikiti mdogo sana wenye pembe nane, uliobebwa na nguzo, na chini yake, kati ya nguzo hizo, pana maji ya kutawadhia. Koza Han ya mji wa Bursa, huko Uturuki, iliyojengwa mwaka 1491, nayo ina msikiti mdogo juu ya nguzo katikati ya ua, na wengi wamesema Büyük Han ilifuata mfano huo. Tumependa jinsi fundi alivyokataa kuuweka msikiti chini. Aliuinua, ukaacha uwanja kwa wanyama na mizigo, na maji yakapata kivuli.

Lakini jambo lililotushika zaidi ni milango ya vyumba. Karibu yote hutazama ndani. Ukiizunguka nyumba kwa nje unaona ukuta mnene, madirisha madogo yaliyo juu, na mahali pa kuingilia pawili tu. Kuna maduka kumi yanayotazama barabarani. Hayo yalikuwa ya wenyeji wa mji, mtu aliweza kununua bila kuingia. Wengine wote, waliotoka mbali, walipewa mlango unaofunguka uani. Ili ufike chumbani kwako ulipaswa kupita mbele ya macho ya wenzako, ukavuka ua, ukapanda ngazi, ukatembea barazani mbele ya milango ya watu wengine. Hakuna aliyeweza kutoka usiku na mali ya jirani pasipo kukutana na yule mwenye ufunguo wa lango kuu.

Sisi tulisomea ualimu, na ugonjwa wa kazi hiyo ni kwamba hatuwezi kupata jambo zuri bila kulipeleka darasani. Tulichukua kamba na majivu, tukachora mraba katika uwanja wa shule, tukawaambia wanafunzi wa mwaka wa sita: ninyi ni wafanyabiashara, mmetoka mbali, mna mizigo na wanyama, usiku unaingia na wezi wapo, wekeni milango. Walianza kwa kuweka milango mingi, kila mtu wake, kuelekea nje, kwa sababu kila mmoja alitaka kutoka upesi asubuhi. Tukawateua watano wawe wezi. Baada ya michezo mitatu walikuwa wameifunga milango yote ya nje isipokuwa mmoja, na kuigeuza ya vyumba itazame ndani. Hawakuambiwa na mtu. Kisha msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi, akasimama pembeni ya ule mraba wa majivu akasema: «Mwalimu, hii tuliyochora ni gereza.»

Hakuwa amesoma historia ya Kipro. Waingereza walipokichukua kisiwa mwaka 1878 waliitazama Büyük Han kwa macho yale yale ya mtoto yule, wakaifanya gereza la mji. Hawakuhitaji kujenga mengi. Ukuta mnene ulikuwapo, madirisha madogo yaliyo juu yalikuwapo, lango la kufungwa usiku lilikuwapo, na vyumba vya kumtosha mtu mmoja au wawili vilikuwa vimepangwa tayari kwa safu. Kila kilichomlinda mgeni dhidi ya mwizi kilitosha kumzuia mfungwa asitoroke. Tofauti ilikuwa upande ambao kitasa kinafungiwa. Tumelifikiria hilo mara nyingi tukipita mbele ya majengo ambayo sisi wenyewe tuliyajua yakiwa shule au ghala la kahawa kabla hayajawa kitu kingine wakati wa vita, na hatuna haja ya kuyataja, kila msomaji wetu ana lake.

Baadaye, katika karne ya 20, vyumba vikapangishwa kwa familia maskini za mjini. Kipindi hiki wanaoandika juu ya majengo hukipita haraka, kana kwamba ni aibu ya nyumba. Sisi tungekitazama zaidi. Ua uliokuwa wa ngamia na farasi ukawa wa sufuria na nguo za kuanika. Mama aliyewasha moto wake barazani alimwona mtoto wake popote alipokuwa akicheza. Ua wa namna hii unafaa sana kwa watu wasio na kitu. Hata hivyo, jengo lilichakaa, kama linavyochakaa jengo lolote ambalo anayeishi ndani yake hana uwezo wa kulitengeneza na anayelimiliki hana hamu.

Matengenezo makubwa yalifanywa miaka ya 1990. Leo vile vyumba ni maduka na karakana ndogo: wachoraji, wafumaji, watengenezaji wa vitu vya ngozi na vya ukumbusho, na uani kuna meza za kahawa. Wapo wanaosikitika, wakisema kwamba nyumba ya wageni iliyoisha kuwa maduka imeshushwa cheo. Hatukubaliani nao kwa wepesi. Biashara ilikuwa ndani ya nyumba hii tangu siku ya kwanza. Yale maduka kumi ya nje ni shahidi. Katika nchi za Waosmani nyumba nyingi za namna hii zilikuwa mali ya wakfu, na kodi yake ililisha kazi za huruma, misikiti, shule, maji ya kunywa ya watu. Duka lililisha kitanda, na vyote viwili vililisha maskini wa mtaa. Asiyependa kuona pesa karibu na ukarimu hajawahi kulipa mkaa wa kupikia wageni.

Tunachowasifia waliotengeneza ni kwamba hawakuigeuza milango. Mwenye duka la leo ana mlango ule ule wa msafiri, unaotazama uani. Kwa hiyo mnunuzi hawezi kununua akiwa barabarani akaenda zake. Ni lazima apite chini ya tao, akutane na kile kivuli kifupi, atoke juani, auone ule msikiti juu ya nguzo zake, na kwa dakika chache awe mgeni wa nyumba, apende asipende. Kijana wetu alituambia kwamba anaweza kukaa uani saa nzima bila kununua kitu, na hakuna aliyewahi kumwuliza anangoja nini. Kwa mwanafunzi Mwafrika katika nchi ya kigeni, hilo si jambo dogo.

Tena kuna hili. Nicosia ni mji uliogawanyika. Mstari wa kuwatenga Wakipro wenye asili ya Kigiriki na wale wenye asili ya Kituruki ulichorwa mjini mwishoni mwa mwaka 1963, na baada ya vita vya mwaka 1974 ukawa mpaka usiovukika, ukilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Njia za kuvuka zilifunguliwa mwaka 2003, na mwaka 2008 ikafunguliwa ile ya mtaa wa Ledra, katikati kabisa ya mji wa kale, si mbali kwa miguu na Büyük Han. Tangu hapo watu wa pande zote mbili wamekuwa wakikutana katika ua huo kunywa kahawa. Hakuna anayelala pale tena, lakini kazi moja ya nyumba ya wageni, ile ya kuwakalisha pamoja watu wasiofahamiana, imerudi kwa mlango wa maduka.

Mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Waingereza hao hao walikuwa nazo nyumba zao za wageni, zilizojengwa kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi: tao refu la kupitisha gari, ua wa ndani, ghorofa zenye baraza za mbao zikiuzunguka, mazizi nyuma. Inayoitwa George, huko Southwark, London, ilijengwa upya mwaka 1677 baada ya moto wa mwaka uliotangulia. Reli ilipokuja, magari ya farasi yakaisha, na mbele ya macho ya mwenye mali ua ukawa mahali patupu pasipoleta kitu. Mwaka 1889 kampuni ya reli iliyokuwa inaimiliki George ilibomoa sehemu kubwa, na uliobaki ni upande mmoja tu, na baraza zake zinazotazama mahali palipokuwa na zile nyingine. Watu husafiri kwenda kuutazama. Nyingine nyingi za London hazikuacha hata upande mmoja; limebaki jina la uchochoro.

Huku kwetu hatukuwa na nyumba za namna hiyo, ingawa misafara tulikuwa nayo, na tuliijua kwa uchungu. Kiswahili tunachoandikia ukurasa huu kilifika mashariki ya Kongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, kupitia Ujiji hadi Nyangwe na Kasongo, siku za Tippu Tip. Wapagazi walilala penye moto wao, nyuma ya boma la miiba likikatwa upya kila jioni, na waliofungwa minyororo walilala walipoangushwa. Hakuna aliyewajengea meko ukutani. Labda ndiyo sababu neno «mgeni» lina uzito mkubwa hivi katika lugha yetu na majengo yake ni machache: ukarimu wa huku ulikaa katika nyumba za watu, chini ya paa la nyasi, na nyasi haziachi magofu.

Ndiyo sababu tunaihesabu kuwa mali adimu ile nyumba ya matofali ya kuchoma iliyo nyuma ya kanisa letu. Ilijengwa kwa ajili ya makatekista na walimu wa vijiji vya mbali waliokuja mjini kwa masomo ya wiki mbili au tatu. Ina vyumba 14 katika pande tatu za ua, baraza ya ndani, mwembe katikati, na ukuta mmoja mrefu usio na mlango unaotazama barabara ya soko. Sisi wenyewe tulilala humo tulipokuwa vijana, watatu katika chumba kimoja. Katika miaka ya hivi karibuni wamelala humo zaidi watu waliokimbia vijiji vyao, na chini ya mwembe huo tumegawa unga kwa vikombe.

Mfanyabiashara mmoja ameomba kuipanga yote. Angelitoboa lile ukuta la barabarani na kutia milango kumi ya chuma, angeiziba milango ya uani kwa matofali, na ua angeuezeka bati uwe ghala la saruji. Kodi anayotaja ni nzuri, na tunasema wazi kwamba ni nzuri: ingewapa posho makatekista wa vijijini ambao wamefundisha kwa miaka bila kuona franka moja. Wanaomwunga mkono katika kamati si watu wa tamaa. Mmoja wao amezika mtoto kwa kukosa pesa ya dawa, na anapotuambia kwamba jengo zuri halinywesi mtu dawa, tunanyamaza kwanza.

Tulipoombwa maoni, hatukusema maduka yasiwepo. Tuliwaeleza kuhusu Büyük Han, jinsi tulivyoieleza hapa, na tukaomba jambo moja: milango ya uani isizibwe. Upande wa barabarani ufunguliwe maduka, kama yale kumi. Vyumba vya pande mbili vibaki na milango yake ya ndani, vingine vikapangishwa kwa mafundi cherehani na wachongaji ambao wateja wao watalazimika kuingia uani, na vinne au vitano vikabaki na vitanda. Ua usiezekwe. Mwembe usikatwe. Mfanyabiashara amesikiliza, akasema kwamba kwa masharti hayo atalipa nusu. Katekista mmoja mzee, aliyetembea siku mbili kuja mkutanoni, aliuliza nusu hiyo ingemfikia yeye kiasi gani. Tukapiga hesabu mbele yake, ikatoka kidogo, akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza usiku ule angelala wapi, akaonyeshwa chumba cha tatu kutoka mwembeni.

Hatujui kamati itaamua nini. Fundi mwashi ameupima ukuta wa barabarani na kusema kwamba ndio unaobeba paa la upande ule, na kwamba hauwezi kuvumilia milango kumi. Minne, labda mitano, ikiwa kila mmoja utawekewa boriti ya zege juu yake. Habari hiyo imebadilisha hesabu za kila mtu, pamoja na za mwenye kutaka kupanga. Mkutano utakuwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya kwanza, hapo hapo uani. Mwenye hoja aje nayo, na mwenye kamba ya kupimia aje nayo pia, maana yetu ilikatika siku ile ya wanafunzi na majivu.